Zimwi Likujualo: Filamu za Wafu-Hai za Gharama Ndogo, Kicheko cha Watazamaji na Kumbukumbu ya Kazi ya Shuruti

1. Utangulizi

Waswahili husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa zaidi kumliwaza mtu aliye mikononi mwa mwenye nguvu. Mdhalimu anayekufahamu atakubakizia japo kidogo, ilhali mgeni atakumaliza. Katika makala haya methali hiyo inachukuliwa kuwa ufunguo wa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali nayo, yaani mvuto wa filamu za wafu-hai zinazotengenezwa kwa fedha kidogo, ambazo humtisha mtazamaji na kumchekesha kwa wakati mmoja.

Kwa filamu za wafu-hai inakusudiwa sinema ambamo mtu aliyekufa hurudi akitembea bila akili wala hiari, ama kwa amri ya bwana fulani, ama kwa njaa isiyo na mwisho. Wasomi wengi wamezipuuza. Husemwa kwamba damu yake ni rangi tu, vinyago vyake ni vya karatasi, waigizaji wake ni majirani wa mtengenezaji, na kwamba hadithi zake hazina maadili. Yote hayo huenda yakawa kweli. Hata hivyo, linabaki swali ambalo dharau haiwezi kulijibu: kwa nini mtazamaji anayejua fika kwamba damu ile ni rangi hukaa mpaka mwisho, hucheka, hushtuka, na kesho yake akarudi na rafiki zake?

Jibu linalotetewa hapa lina sehemu mbili. Kwanza, mfu-hai si mgeni katika Afrika ya Kati na ya Mashariki. Ni sura ya zamani ya mtu aliyeporwa hiari yake ili afanye kazi ya mwingine, na watazamaji wa huku wanalijua zimwi hilo kabla taa haijazimwa. Pili, ufukara wa filamu hizo si kasoro ambayo mtazamaji huivumilia. Ufukara huo humwonyesha waziwazi mikono ya watu huru waliofanya kazi kwa hiari yao, na humwezesha kutenganisha hofu ya mchezo na hofu inayoweza kumdhuru jirani. Ili kuyathibitisha hayo, makala haya yanafuatilia kwanza safari ya neno lenyewe, kisha historia ya filamu, na mwishowe namna zinavyopokewa katika eneo la lugha ya Kiswahili.

2. Safari ya neno

Neno "zombi", ambalo leo hutamkwa dunia nzima, lina asili ya Afrika ya Kati. Wanaisimu hawakubaliani juu ya mzizi mmoja. Wapo wanaolihusisha na neno la Kikongo "nzambi", yaani Mungu au roho yenye uwezo; wapo wanaolihusisha na "zumbi", kitu chenye nguvu za siri; na wapo wanaolikumbuka "mvumbi", yaani maiti. Linalokubalika zaidi ni kwamba neno hilo lilivuka bahari ya Atlantiki katika vinywa vya watu waliouzwa. Katika maandishi ya Kifaransa lilionekana mapema, mwaka 1697, katika jina la kitabu cha Pierre-Corneille Blessebois kihusucho kisiwa cha Guadeloupe. Wakati huo lilikuwa na maana ya pepo au kivuli.

Maana tuijuayo leo ilikomaa nchini Haiti, iliyoitwa Saint-Domingue wakati wa ukoloni wa Ufaransa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 18, sehemu kubwa ya watumwa walioingizwa huko walitoka pwani ya Kongo na Angola. Walilimishwa miwa katika mashamba ambamo wengi walikufa mapema kwa kazi. Kwa mtu wa namna hiyo kifo kilikuwa na faida moja, nayo ni kupumzika na kurudi kwa wazee wake. Ndipo ikazuka hofu kubwa kuliko hofu ya kufa, yaani hofu ya kufa na bado kuendelea kulima. Zombi wa Haiti hakumla mtu. Alikuwa mfanyakazi asiyelipwa, asiyelalamika na asiyeweza kufa tena.

Kwa upande wa Kiswahili mambo ni ya kuzingatiwa vilevile. Maneno "mzimu" na "zimwi" yanatoka katika mzizi mmoja wa Kibantu uliosambaa sana, ambao katika Kinyarwanda umetoa "umuzimu", na katika lugha za Kisotho umepanda hadi kuwa jina la Mungu. Roho ya mzee aliyefariki na jitu linalokula watu ni ndugu wa ukoo mmoja wa lugha. Lakini neno lililo karibu zaidi na zombi wa Haiti ni "msukule", linalotumika sana Tanzania, na mwenzake "ndondocha". Msukule ni mtu ambaye kwa macho ya jamaa zake amekufa na kuzikwa, kumbe inaaminiwa kwamba mchawi amemchukua, akamwondolea usemi na akili, akamlisha pumba na kumlimisha usiku.

Sarufi yenyewe ina ushahidi wa kutoa hapa. "Mfu" hubaki katika ngeli ya watu, na wingi wake ni "wafu". "Msukule" hauna wingi wa "wasukule". Wingi wake ni "misukule", kama miti na mizigo, ingawa wasemaji wengi huendelea kuwapatanisha viumbe hao kama watu. Lugha imekiri jambo ambalo wasimulizi huchukua usiku kucha kulieleza: kifo hakimwondoi mtu katika utu, bali kunyang'anywa hiari ndiko kunakomwondoa.

3. Hofu ya kutumikishwa katika Maniema na majirani zake

Si bahati mbaya kwamba imani za namna hii zimeshamiri mahali ambapo watu walitumikishwa kweli. Nchini Kamerun husimuliwa habari za "ekong", ambapo watu hudhaniwa kuuzwa na jamaa zao na kupelekwa kufanya kazi isiyoonekana katika Mlima Kupe. Masimulizi ya jirani yake yalisikika sana katika maeneo ya mashamba makubwa ya wakoloni. Katika Katanga, enzi ya Wabelgiji, watu waliwaogopa "batumbula", waliosemwa kuwakamata wapita njia usiku, kuwanenepesha na kuwageuza kuwa nyama ya mkebe. Kwenye pwani hofu hiyo iliitwa mumiani, mnyonya damu anayetumikia ofisi au mwajiri. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba masimulizi hayo yasichukuliwe kuwa upuuzi wa watu wasiosoma. Ni lugha ya kuisema kazi ya kikoloni iliyokula miili ya watu.

Katika Maniema lugha hiyo haikuhitaji kufundishwa. Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya pembe na ya watu katika nusu ya pili ya karne ya 19, enzi ya Tippu Tip na wenzake. Mwaka 1871 David Livingstone alishuhudia mauaji ya halaiki katika soko la Nyangwe. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, mamlaka ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu yalivunjwa, lakini shuruti haikuisha. Ilibadili bwana. Ilikuja mpira ya Dola Huru ya Kongo, ukaja upagazi, ikaja reli iliyounganisha Kindu na Kongolo mwaka 1911, na kuanzia 1917 kikaja kilimo cha lazima cha pamba.

Katika historia hiyo lugha ya watu wa Maniema ilipata jina ambalo mara nyingi hutamkwa bila kufikiriwa. Kiswahili cha huku kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya wangwana, waungwana, watu huru. Wengi wa wangwana wa kwanza wenyewe walikuwa wametekwa utotoni na kulelewa katika misafara. Walilishika jina la uungwana kwa sababu walijua kinyume chake ni nini. Kutoka Kasongo hadi Kindu na Tunda, msemaji wa Kiswahili anapomwona kwenye kioo mtu atembeaye bila hiari, anamwona aliye kinyume kabisa cha mngwana. Hilo ndilo zimwi analolijua.

4. Kutoka shamba la miwa hadi skrini

Sinema ilimchukua zombi moja kwa moja kutoka shambani. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Katika kipindi hicho, mwaka 1929, msafiri wa Kimarekani William Seabrook alichapisha kitabu kilichosimulia habari za wafu waliofanya kazi katika mashamba ya miwa, akaitaja na kampuni ya sukari. Miaka mitatu baadaye ikatoka White Zombie ya Victor Halperin, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya zombi. Ilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Mandhari yake isiyosahaulika ni ya kiwanda cha sukari ambamo wafu husukuma mtambo. Mmoja wao huanguka ndani ya kisagio, na wenzake wanaendelea kusukuma bila kugeuka.

Mwaka 1968 mambo yaligeuka. George A. Romero na rafiki zake wa Pittsburgh walitengeneza Night of the Living Dead, yaani usiku wa wafu-hai, kwa takriban dola 114,000, kiasi ambacho hata wakati ule kilikuwa kidogo mno kwa filamu ya sinema za mijini. Walitumia filamu isiyo ya rangi, maji mazito ya chokoleti kwa damu, na watu wa kawaida wa mji kuwa wafu. Mhusika mkuu aliigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, jambo la nadra siku zile. Neno "zombi" halitamkwi hata mara moja. Mfu wa Romero hana bwana wala shamba. Ana njaa tu. Tena, kwa kuwa tangazo la hakimiliki liliachwa nje jina la filamu lilipobadilishwa, filamu hiyo ilikuwa mali ya umma tangu mwanzo, na kila aliyetaka aliinakili. Kosa hilo liliwanyima watengenezaji fedha nyingi, lakini liliwapa vijana wa dunia nzima kielelezo kilichowaambia kwamba filamu ya kutisha haihitaji studio. Inahitaji nyumba moja, rafiki wengi na usiku.

Kicheko kiliingia kwa mlango huohuo wa ufukara. Kinyago kisipoficha kwamba ni kinyago, mtengenezaji ana njia mbili: aone haya, au afanye utani. Waliofaulu walichagua utani. Katika Shaun of the Dead ya Edgar Wright (2004), iliyotengenezwa Uingereza kwa fedha chache kwa kipimo cha Hollywood, mzaha mkuu ni kwamba shujaa hawatambui wafu mapema, kwa kuwa watu wazima waendao kazini asubuhi walikwisha kufanana nao. Mwishoni wafu hawaangamizwi wote. Wengine wanapewa kazi ya kusukuma vigari dukani. Kwa mzaha huo filamu ilirudi, pengine bila kujua, kwenye shamba la miwa la Haiti. Huko Cuba, Juan de los Muertos ya Alejandro Brugués (2011) inamwonyesha mtu asiye na kazi anayefungua biashara ya kuwaulia watu wapendwa wao waliogeuka zombi, ilhali vyombo vya habari vya serikali vinasisitiza kwamba wafu hao ni wapinzani waliolipwa na Marekani. Hapana shaka mtazamaji wa Havana alijua anacheka nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Japani. Mwaka 2017 Ueda Shinichiro, pamoja na waigizaji wasio na majina, alitengeneza filamu iliyojulikana nje kama One Cut of the Dead kwa yen milioni 3 hivi. Ikapata zaidi ya yen bilioni 3. Dakika 37 za mwanzo zinaonyesha filamu mbovu ya zombi, iliyopigwa bila kukatizwa, yenye ukimya wa ajabu na makosa yasiyoelezeka. Kisha hadithi inarudi nyuma kuonyesha jinsi kikundi kilivyohangaika kuitengeneza, na kila kosa linapata sababu yake: huyu alikuwa mgonjwa, yule alikuwa amelewa, mashine imevunjika, na watu wanapandiana mabegani ili kazi iishe. Mtazamaji aliyecheka kwa dharau hapo mwanzo anajikuta anacheka kwa upendo. Kilichobadilika si picha, bali ni kujua kazi iliyo nyuma ya picha.

5. Video, vibanda na wafasiri

Katika Afrika filamu ya gharama ndogo haikuanza kwa uasi wa wasanii. Ilianza kama dawa iliyotolewa na wakubwa. Wamisionari na serikali za kikoloni walitengeneza sinema nyepesi kwa ajili ya Waafrika waliozuiwa kuona sinema nyingine. Katika miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Luluabourg, Kananga ya leo, vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyochezwa na Wakongo na kupendwa sana. Katika makoloni ya Uingereza magari ya sinema yalizunguka vijijini yakiwa na mfafanuzi aliyesimama kando ya skrini kueleza picha kwa lugha ya mahali. Wakubwa walikusudia kwamba mfafanuzi huyo aongoze akili za watazamaji. Wajukuu zake walifanya vinginevyo, kama itakavyoonekana.

Uhuru wa kweli ulikuja na kanda za video. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue wa Nigeria alitoa Living in Bondage, hadithi ya mume aliyemtoa mke wake kafara ili apate mali, kisha akaandamwa na mzimu wake. Kanda hiyo ilikwenda moja kwa moja sokoni bila kupita katika jumba la sinema, na tasnia nzima ikazaliwa. Jina lake lenyewe lazungumzia kifungo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2014, Mnigeria mwingine, C.J. Obasi, alitoa Ojuju, filamu ya zombi iliyotengenezwa karibu bila fedha, ambamo watu wa mtaa wa kimaskini hugeuka kwa sababu ya maji machafu. Hofu ilihama kutoka madhabahuni hadi bombani.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Watu walitazama kanda katika vibanda vya video, ambavyo baadaye watani waliviita vibanda umiza. Humo ndimo ulipokua ufundi wa wafasiri, miongoni mwao Lufufu wa Dar es Salaam, waliozigeuza filamu za Hong Kong, za Uhindi na za Marekani kuwa Kiswahili, wakiongeza maelezo, kejeli na methali zao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wa Kitanzania wakaanza kutoa video zao. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, inayohesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza za kutisha za Kiswahili. Jina lake ni la Kinyakyusa na hutaja mfu aliyerudi. Mwaka 2005 ikafuata Shumileta. Filamu hizo ziliazima mengi kutoka Nigeria, lakini wafu na majini yake walisema Kiswahili. Ni jambo la maana kwamba mtengenezaji hakulitumia neno zombi. Alikuwa na neno lake.

Mfano wa Uganda si wa wafu-hai, lakini hauwezi kuachwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha vizuri zaidi ufukara unavyofanya kazi. Nabwana Isaac wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, alianzisha kampuni yake mwaka 2005, akaipa jina lililoundwa kutokana na majina ya bibi zake wawili. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana kugharimu chini ya dola 200. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani waliojitolea. Juu ya picha inasikika sauti ya mfasiri, VJ Emmie, anayeshangilia, anayewatania wahusika na kuisifu filamu yenyewe kupita kiasi. Nakala ya asili ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya mfasiri. Kwa hiyo kicheko, ambacho kilikuwa nyongeza, sasa hakitenganishwi na filamu.

6. Sababu za mvuto

Kutokana na historia hiyo sababu tatu za mvuto zinaweza kutajwa.

Ya kwanza ni utani. Katika jamii nyingi za eneo hili kifo na kicheko havikuwa maadui. Mtani hufika msibani, huigiza mwendo na maneno ya marehemu, huwazuia wachimba kaburi mpaka alipwe, na wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Hakuna anayesema kwamba mtani hamheshimu marehemu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kifo hakiwanyang'anyi walio hai usemi. Filamu inayomfanya mfu ateleze kwenye matope na kuinuka akiwa kiatu kimoja inafanya kazi ambayo mtani aliifanya kabla ya sinema. Ndiyo maana mtazamaji wa kibandani hahitaji kufundishwa kwamba kutisha na kuchekesha vyaweza kukaa pamoja.

Ya pili ni kuonekana kwa mikono. Katika filamu ya fedha nyingi kazi hufichwa. Mtazamaji huona ajabu bila kumwona fundi. Katika filamu ya fedha kidogo anaona mshono wa vazi, anamtambua mfu kuwa ni muuza mkaa wa mtaa wa pili, anakisia damu ilivyopikwa. Hapa pana kinaya kizuri. Hadithi inasimulia watu wanaofanya kazi bila hiari na bila malipo, ilhali kinachoonekana kwenye kioo ni watu wanaofanya kazi karibu bila malipo, lakini kwa hiari kamili. Kila mshono ulioachwa wazi unamkanusha msukule anayesimuliwa. Kicheko cha mtazamaji, katika hali hiyo, ni namna ya kuwatambua wenzake.

Ya tatu ni lugha. Mfasiri wa kibandani hamwachi mtazamaji peke yake na zimwi. Humpa mfu jina la kumtania, humlaumu shujaa kwa ujinga wake, huuleta mji wa mbali karibu na soko la mahali. Mfafanuzi wa gari la sinema la kikoloni alisema alichoagizwa. Mfasiri wa kibandani husema atakalo. Katika mikono yake Kiswahili kinarudi kuwa Kingwana kwa maana yake ya asili, yaani usemi wa mtu asiyeamrishwa.

7. Hoja ya wapinzani

Wapo viongozi wa dini, walimu na wazazi wanaosema kwamba filamu za wafu na wachawi huchochea imani zinazoua. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Tangu miaka ya 1990 watoto wengi mjini Kinshasa na kwingineko wametuhumiwa uchawi, wakapigwa na kufukuzwa nyumbani, hata ikabidi sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 itaje adhabu kwa anayemtuhumu mtoto hivyo. Mtafiti Katrien Pype, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameeleza jinsi michezo ya televisheni ya Kinshasa inavyoungana na mahubiri ya makanisa ya uamsho katika kumsaka mchawi ndani ya familia.

Lakini hoja hiyo inahitaji kupambanua aina mbili za hadithi. Ipo hadithi ya kutisha inayomwambia mtazamaji: haya ni kweli, nenda nyumbani ukamtafute aliyefanya. Hadithi hiyo haichekeshi, na huficha mishono yake kwa bidii, kwa sababu inataka kuaminiwa. Na ipo hadithi inayomwonyesha mtazamaji kamba na rangi, ikamwambia: haya ni mchezo, cheka nasi. Ni vigumu kwenda kumtuhumu bibi wa jirani baada ya kumwona akiigiza zombi na kukosea mlango wa kutokea. Haidaiwi hapa kwamba kicheko pekee kinaweza kuzuia tuhuma; kazi hiyo ni ya sheria, shule na familia. Kinachodaiwa ni kwamba kuziweka aina hizo mbili katika kapu moja, na kuzilaani pamoja, ni kumnyang'anya mtazamaji silaha mojawapo aliyojitengenezea mwenyewe.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu ya wafu-hai ya gharama ndogo ina ukoo mrefu kuliko inavyodhaniwa. Neno lake lilitoka Afrika ya Kati katika minyororo, likapata maana mpya katika mashamba ya miwa, likageuzwa biashara huko Marekani, na hatimaye likarejea katika kanda na santuri za video mahali ambapo msukule, batumbula na mumiani walikuwa wakilingoja. Mtazamaji hulipokea zimwi hilo kwa kicheko kwa kuwa analijua.

Linabaki jukumu la idara za Kiswahili. Mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha utafiti wake juu ya mchezo wa kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kilichochekesha kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa sababu mazoezi ya kikundi yalirekodiwa na kuandikwa, msomaji wa leo anaweza kusikia namna watu wa Lubumbashi walivyoyasema mamlaka kwa lugha yao katika mwaka 1986. Hakuna aliyefanya kiasi hicho kwa wafasiri wengi wa vibandani. Kanda za video huharibika kwa joto na unyevu, santuri hukwaruzwa, na nakala hufutwa ili kupisha kazi mpya, kama ilivyotokea Wakaliga. Pamoja nazo hupotea misamiati, mizaha na methali ambazo hakuna kamusi iliyowahi kuziingiza.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti katika Kindu, Bukavu, Kigoma au Kampala hana haja ya kwenda mbali. Aketi kwenye benchi la nyuma na daftari lake, asikilize watazamaji wanacheka wapi, na aandike maneno ya mfasiri kabla jenereta halijazimwa.